Thomas Edison na Mti wa Taa

Majilio yakifika vijana wa makanisa mengi huanza kuhangaika na nyaya, globu na ngazi. Wanataka kusimamisha mti wa taa nje, mbele ya mlango mkuu, ili apitaye njiani usiku ajue kwamba Krismasi imekaribia. Pengine mti huo ni tawi la msaipresi lililokatwa. Pengine si mti kabisa, bali ni mlingoti wa bomba la chuma na nyaya zilizotelemshwa kutoka kileleni mpaka chini kwa mfano wa hema. Huwashwa jioni, watoto wakapiga kelele za furaha. Lakini ukiwauliza watu wazima ni nani aliyewapa mti huo wa taa, wengi watakutajia Wajerumani na mishumaa yao. Hilo ni jibu la nusu. Nusu ya pili ni habari za Thomas Alva Edison wa Marekani na rafiki yake Edward Johnson, nami nimeona vema kuzieleza hapa kwa kirefu, maana kitabu cha shule humtaja Edison kwa mistari mitatu tu na kumwacha.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari, 1847, katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio. Alikuwa mtoto wa mwisho katika familia ya watoto saba. Mwaka 1854 wazazi wake walihamia Port Huron, Michigan. Huko alitiwa shuleni, asikae ila miezi michache. Mwalimu alimwona ni mtoto mzito wa kuelewa, mwenye maswali mengi yasiyo mahali pake. Mama yake, Nancy, ambaye mwenyewe alikuwa amepata kuwa mwalimu, alikasirika akamtoa, akamfundisha nyumbani. Sisi tulioshika chaki miaka mingi habari hii hatupendi kuisikia, lakini ni ya kweli na tuikubali. Mtoto yule alisoma vitabu vikubwa vya historia na sayansi kabla hajatimiza miaka 12, naye maisha yake yote alisema kwamba ni mama yake aliyemfanya awe mtu.

Alipofika umri wa miaka 12 alipata kazi ya kuuza magazeti na peremende ndani ya garimoshi lililokwenda kila siku kutoka Port Huron hadi Detroit. Katika behewa la mizigo alijitengea pembe moja akaweka chupa za dawa za kufanyia majaribio. Mwaka 1862 alipata mashine ndogo kuukuu ya kupigia chapa, akachapisha gazeti lake mwenyewe humo humo garini. Katika miaka hiyo masikio yake yalianza kufa, na tangu ujana wake mpaka mwisho alikuwa nusu kiziwi. Yeye hakulilalamikia jambo hilo. Alisema lilimpa utulivu wa kufikiri.

Mwaka huo huo wa 1862 aliona mtoto mdogo akicheza juu ya reli na behewa likimjia. Akaruka, akamnyakua. Baba wa mtoto, aliyekuwa mkuu wa kituo, hakuwa na fedha za kumtuza, akamfundisha kazi ya telegrafu, yaani kupeleka habari kwa waya kwa nukta na vistari. Hivyo Edison akaingia katika mambo ya umeme. Miaka mitano au sita alitangatanga mji kwa mji akiwa mpiga telegrafu wa zamu za usiku, mara akiajiriwa, mara akifukuzwa kwa sababu ya majaribio yake. Mwaka 1869 alipewa hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, kwa mashine ya kuhesabu kura bungeni. Hakuna aliyeinunua. Wabunge hawakutaka kura zihesabiwe upesi, kwa kuwa katika kule kukawia ndiko walikopata nafasi ya kushawishiana. Toka hapo aliazimia asivumbue tena kitu ambacho watu hawakihitaji.

Alikwenda New York akiwa hana kitu, na baada ya muda mfupi akapata fedha nyingi kwa kutengeneza mashine za kupeleka bei za soko. Mwaka 1871 kampuni moja ya telegrafu ilimwajiri, na aliyemwajiri ni kijana aitwaye Edward Hibberd Johnson. Tulishike jina hili. Johnson alikuwa mkubwa kwa Edison kwa mwaka mmoja tu. Alishangaa kuona mtu anayekula mezani pa kazi na kulala kitini pake, aliyeletewa rundo la vitabu vya kemia akavisoma usiku na mchana na kuvifanyia majaribio mamia. Baadaye mambo yaligeuka, Edison akawa bwana na Johnson akawa msaidizi wake, tena msaidizi mwenye ulimi mzuri. Edison alijua kuvumbua. Johnson alijua kuwaonyesha watu kilichovumbuliwa wakakitamani.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1871 Edison alimwoa Mary Stilwell, binti wa miaka 16 aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni moja yake. Inasimuliwa kwamba hata siku ile ya arusi alirudi karakanani. Iwe kweli au isiwe kweli, ndivyo ndoa yao ilivyokuwa. Walizaa watoto watatu, na wawili wa kwanza aliwapa majina ya utani ya Nukta na Kistari. Aliwapenda, lakini aliwaona kwa nadra. Mary alifariki mwezi wa Agosti 1884, akiwa bado kijana, wakati mumewe amekwisha kuwa maarufu duniani kote. Binti yao alikumbuka baadaye kwamba alimkuta baba yake asubuhi ile akitetemeka kwa kilio.

Mwaka 1876 alijenga nyumba ya majaribio mahali paitwapo Menlo Park, New Jersey. Hapo ndipo alipotengeneza fonografu mwaka 1877, mashine ya kwanza iliyonasa sauti ya mtu na kuirudisha. Johnson aliizungusha mijini akiwaonyesha watu, nao walijaa kumbini kusikiliza bati likisema. Mwaka 1878 Edison alianza kazi ya taa.

Isidhaniwe kwamba yeye alikuwa wa kwanza kufikiria taa ya umeme. Zilikuwapo taa kubwa za barabarani zenye mwanga mkali mno, zisizofaa nyumbani. Na huko Uingereza, Joseph Swan wa Newcastle alikuwa ameonyesha taa ya globu mapema katika mwaka 1879. Hatimaye wawili hao waliacha kugombana wakaunda kampuni moja huko Uingereza mwaka 1883. Kazi ya Edison ilikuwa pana zaidi. Alitaka uzi wa ndani ya globu udumu, na tena alitaka mtambo wa kutoa umeme, nyaya za kuupeleka, swichi, kipimo cha kuhesabia matumizi, na kitu cha kukata umeme pakitokea hatari. Yaani alitaka nyumba ya mtu wa kawaida iwashwe kama ilivyokuwa ikiwashwa kwa gesi, na kwa gharama isiyozidi ile.

Mwezi wa Oktoba 1879, baada ya majaribio mengi, uzi wa pamba uliochomwa ukawa mkaa uliwaka ndani ya globu iliyoondolewa hewa kwa muda wa saa 13 na zaidi. Hazikuwa saa nyingi, lakini njia ilipatikana. Walijaribu maelfu ya vitu vya mimea, na mwisho wakaona kwamba mianzi inafaa kupita vyote. Edison alituma watu mpaka Asia, na mwanzi wa Japani ukatoa uzi uliowaka zaidi ya saa 1,000.

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 1880 alifungua milango yake. Kampuni ya reli iliongeza magarimoshi, na watu wengi sana wakashuka Menlo Park katika baridi kali. Waliona taa ndani ya nyumba na taa nje, juu ya nguzo za mbao kando ya njia, zikiwaka bila moto, bila moshi na bila harufu, upepo ukivuma wala zisizimike. Kwa watu waliozoea kibatari na mshumaa jambo hili la upepo ndilo lililowashangaza.

Lakini taa za nje zilileta taabu yake, na hapa vijana wetu wa mlingoti wasikilize. Edison hakutaka nyaya zitandazwe juu ya nguzo kama utando wa buibui, alitaka zipite chini ya ardhi. Katika mwaka 1880 alichimba mifereji Menlo Park akazifukia. Zilipojaribiwa, umeme ulivujia udongoni, maana unyevu ulipenya. Ikabidi zichimbuliwe zote. Msaidizi mmoja alipelekwa kwenye maktaba asome kila kitu kilichopata kuandikwa juu ya vizuizi vya umeme, kisha akapika masufuriani mchanganyiko baada ya mchanganyiko hata majirani wakaziba pua. Kilichofaa kilikuwa lami ya kisiwa cha Trinidad iliyopikwa na mafuta ya kitani, ikatiwa nta ya mishumaa kidogo na nta ya nyuki. Waya ulizungushiwa vitambaa vilivyolowekwa humo, ukafukiwa tena, na safari hii haukuvuja.

Krismasi ya 1880 ilipokaribia, tarehe 20 Desemba, madiwani wa jiji la New York waliletwa kwa garimoshi. Walikuwa na shaka na mpango wa kuchimba barabara za jiji lao, tena walitaka kodi nzito. Kulikuwa giza waliposhuka. Mara taa za Menlo Park zikawashwa, mamia kwa mamia, zikipanda na kushuka vilimani penye theluji. Baadaye walikaribishwa karamu nzuri, jambo ambalo nadhani nalo lilisaidia. Mwaka uliofuata ruhusa ikatolewa. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba taa za nje za msimu wa Krismasi zilianza kwa ajili ya kulainisha mioyo ya wakubwa wa jiji.

Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa kazi kubwa. Johnson alipelekwa London, akasimamia kituo cha umeme cha Holborn Viaduct, ambacho miongoni mwa wateja wake lilikuwa kanisa la City Temple. Tarehe 4 Septemba 1882 kituo cha Edison cha Pearl Street huko New York kiliwashwa, na taa 400 hivi zikawaka katika ofisi na maduka. Mwaka uliofuata, 1883, Sultani Barghash alijenga Nyumba ya Maajabu huko Unguja, ambayo ilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza katika Afrika ya Mashariki kuwekewa taa za umeme. Mambo yalikwenda upesi.

Sasa tufike kwenye mti wenyewe. Desturi ya kuweka mti nyumbani na kuutia mishumaa ilitoka Ujerumani. Huko Uingereza ilienea sana baada ya picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiuzunguka mti wao kuchapwa gazetini mwaka 1848. Ilikuwa desturi nzuri na ya hatari. Fikirini mti mkavu wenye utomvu, ndani ya sebule yenye mapazia, umepachikwa mishumaa inayowaka. Wenye busara waliiwasha kwa dakika chache tu, na ndoo ya maji ikiwa karibu. Wengine hawakuwa na bahati, na kila mwaka nyumba ziliungua katika usiku ambao watu walipaswa kuwa na furaha.

Mwezi wa Desemba 1882 Edward Johnson, ambaye sasa alikuwa mmoja wa wakuu wa kampuni ya taa ya Edison, alisimamisha mti sebuleni mwake New York. Aliufunga kwa mkono wake taa 80 ndogo, za rangi nyekundu, nyeupe na buluu, kila moja kama ukubwa wa kokwa. Mti ulisimama juu ya kisanduku, na ndani yake mlikuwa na mtambo wa kuuzungusha mara sita hivi kwa dakika. Kadiri ulivyozunguka ndivyo taa za rangi moja zilivyozimika na za rangi nyingine kuwaka. Darini alipitisha nyaya mbili zenye taa nyingine 28. Aliwaita waandishi wa habari. Magazeti ya New York yalilichukulia kuwa ni tangazo la biashara, lakini mwandishi mmoja wa gazeti la Detroit aliandika habari zake, na hivyo zikahifadhiwa. Hawakuwa wamekosea kabisa wale waliosema ni biashara. Johnson alitaka kuuza taa. Lakini mti ule ungeweza kuwaka usiku kucha na mtoto akaushika asiungue.

Hata hivyo kwa miaka mingi ulibaki mti wa matajiri. Mtu alihitaji kuwa na umeme nyumbani, kisha kumlipa fundi aje afunge taa moja moja kwenye waya. Mwaka 1903 kamba za taa zilizokwisha kufungwa tayari ziliuzwa kwa dola 12, na hizo zilikuwa karibu mshahara wa wiki nzima wa mfanyakazi. Tena zilifungwa kwa mfuatano, umeme ukipita taa hii kuingia ile. Taa moja ikifa, zote zimekufa, na baba wa nyumba anashinda akijaribu moja baada ya moja. Ajabu ni kwamba Edison mwenyewe alikuwa amesisitiza tangu mwanzo kwamba taa za mji zifungwe sambamba, kila moja na njia yake, ili moja ikizimika nyingine zisijali. Watengenezaji wa kamba za Krismasi walirudi kwenye mfuatano kwa ajili ya urahisi.

Hapa yafaa nimtaje mtu mwingine ambaye vitabu vingi vilimsahau. Katika wahandisi wa kampuni ya Edison alikuwapo Mwafrika wa Marekani, Lewis Latimer, aliyezaliwa mwaka 1848. Baba yake alikuwa mtumwa aliyetoroka kutoka Virginia. Latimer alijifundisha mwenyewe kuchora michoro ya mitambo, akachora michoro ya simu ya Alexander Graham Bell, kisha akapata hati za uvumbuzi wake mwenyewe juu ya utengenezaji wa nyuzi za mkaa za globu. Alipata hati hizo akiwa na kampuni iliyoshindana na Edison. Mwaka 1884 akaingia kwa Edison, na mwaka 1890 akatoa kitabu cha kuelezea mpango mzima wa taa za umeme. Kesi za kugombania uvumbuzi zilipofika mahakamani, ni yeye aliyesimama kueleza. Watoto wetu wakijifunza jina la Edison, na wajifunze na la Latimer.

Sifa za Edison zisitufiche makosa yake. Yeye alishikilia umeme wa mkondo mnyoofu, ambao wakati huo haukuweza kusafiri mbali, wakati George Westinghouse alikuwa akiuza wa mkondo geu uendao mbali kwa gharama ndogo. Badala ya kukubali, Edison aliruhusu katika mwaka 1888 wanyama wauawe kwa mkondo geu katika karakana yake ili watu wauogope. Lilikuwa jambo baya, na halikumsaidia. Mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na nyingine, ikaitwa General Electric, na jina la Edison likaondolewa. Umeme unaotufikia majumbani hadi leo ni wa mkondo geu.

Wala hakuwa mtu wa kanisani. Mke wake wa pili, Mina Miller, aliyemwoa mwaka 1886, alikuwa Mmethodisti mwenye bidii, binti wa mtu aliyejulikana sana kwa kazi ya shule za Jumapili. Edison alimfundisha nukta na vistari, na inasemekana alimposa kwa kugonga herufi hizo katika kiganja chake. Lakini katika ibada hakumfuata, na mwaka 1910 alisema hadharani kwamba haamini uhai wa roho baada ya kufa, akawaudhi wengi. Nalisema hili kwa sababu wako wapendao kumgeuza kila mtu mkubwa kuwa mtakatifu.

Usiku wa tarehe 9 Desemba 1914 moto uliteketeza majengo mengi ya kiwanda chake huko West Orange. Alikuwa na miaka 67. Alisimama akiutazama, na siku zilizofuata watu walikuwa tayari wakifagia majivu na kupanga mashine.

Ni katika miaka hiyo mti wa taa ulipotoka nje ya nyumba za matajiri. Bibi mmoja wa New York, Emilie Herreshoff, alifikiri juu ya watu wasio na sebule ya kuweka mti. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1912 mti mrefu, wa futi 60 hivi, ulisimamishwa katika bustani ya Madison Square na kufungwa taa za umeme zilizotolewa na kampuni ya Edison ya jiji hilo. Kwaya ziliimba, na maelfu ya watu, wengi wao maskini na wageni wa mbali, walisimama bure chini ya mti ambao haukuwa wa mtu yeyote. Miji mingine iliiga. Mwaka 1920 watu wa Altadena, California, walianza kuwasha taa juu ya mierezi mikubwa inayoota kando ya barabara yao, na desturi hiyo wanayo hata sasa. Tarehe 24 Desemba 1923 Rais Calvin Coolidge aliwasha mbele ya Ikulu ya Washington mti wa futi 48 uliotoka Vermont, wenye globu 2,500 za rangi nyekundu, nyeupe na kijani. Hata hivyo globu za kamba za nyumbani hazikutengenezwa kwa mvua. Zile za kustahimili hali ya nje zilianza kuuzwa madukani mwishoni mwa miaka ya 1920.

Mti wa nje una maadui wawili, upepo na maji, na atakaye kuujenga imara ayafikirie yote mawili kabla ya kufikiria rangi. Upepo hauvuti taa tu, huvuta mlingoti mzima kama tanga. Bomba la chuma liingie ardhini vya kutosha, au lisimamishwe juu ya kitako kipana kilicholemewa na mifuko ya mchanga, kisha lishikwe kwa nyaya tatu au nne zilizofungwa kwenye vigingi mbali na shina. Kamba ya taa yenyewe isibebe uzito. Inyooshwe waya wa chuma kwanza, na taa zifungwe juu yake. Ukiachia waya wa umeme uvutwe na upepo, utakatika mahali usipopaona.

Maji nayo hufuata waya mpaka kwenye kiungo. Ndiyo sababu mafundi huacha waya uning'inie kidogo chini ya kila plagi, matone yadondoke kabla ya kuingia. Viungo visilale majanini, viinuliwe na kufunikwa. Na fyuzi, ambayo ni katika mambo aliyoyasisitiza Edison tangu siku za kwanza, isibadilishwe kamwe na kipande cha waya mnene. Najua mafundi wetu hufanya hivyo ili taa zisizimike katikati ya sherehe. Kazi ya fyuzi ni kufa ili mtu asife. Siku hizi ziko taa ndogo zitumiazo umeme kidogo sana, za volti 12 au 24, ambazo mtoto akizigusa hazimdhuru. Zinapita kwenye kifaa cha kupunguzia umeme, na kifaa hicho kiwe mahali pakavu. Taa hizo Edison hakuziona. Na pale umeme unapokatika, kama tujuavyo, mti wa mkrismasi wenye maua mekundu kando ya njia huendelea kupendeza mwezi huo wa Desemba bila waya wowote.

Edward Johnson alifariki mwaka 1917. Edison aliendelea na kazi mpaka uzeeni, akahesabiwa hati 1,093 za uvumbuzi nchini mwake, idadi ambayo hakuna aliyekuwa nayo kabla yake. Mwaka 1929, miaka 50 tangu ile taa ya uzi wa pamba, rafiki yake Henry Ford alimfanyia karamu kubwa huko Dearborn, na mzee aliunganisha tena nyaya za taa ya kwanza kwa mikono yake mbele ya wageni.

Alifariki tarehe 18 Oktoba 1931 nyumbani kwake Glenmont, West Orange, akiwa na miaka 84. Wako waliotaka umeme wa nchi nzima ukatwe kwa dakika moja kwa heshima yake. Rais Herbert Hoover alikataa, kwa kuwa mahospitali, viwanda na reli sasa vilikuwa haviwezi kuishi dakika moja bila umeme. Akawaomba watu kila mmoja azime taa za nyumba yake kwa hiari, tarehe 21 Oktoba saa 4 usiku. Wengi walizima. Edison alizikwa siku ile ile, na mwaka 1963 mwili wake na wa Mina, aliyefariki mwaka 1947, ilihamishiwa kwenye bustani ya nyuma ya Glenmont.